Fluid Film kwenye chesisi ya pikapu: inalinda wapi, inashindwa wapi

Kwa pikapu inayofanya kazi kila siku, ambayo chesisi yake imeanza kushika kutu lakini chuma bado kina nguvu, Fluid Film ndiyo dawa ya kuanza nayo. Tunaipa alama za juu kwa sharti moja: ipulizwe ndani ya chesisi kwanza, nje baadaye. Ikipakwa nje peke yake, gari litapendeza likiwa juu ya jeki na litaendelea kuoza palepale lilipokuwa linaoza.

Ni bidhaa ya kampuni ya Eureka Chemical ya California. Ilianza miaka ya 1940 kwa ajili ya meli, kulinda matangi ya maji ya kusawazisha chombo. Msingi wake ni lanolini, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Haina tina (kiyeyushi kinachoruka hewani) ndani yake, kwa hiyo haikauki. Nguvu yake yote imo humo, na udhaifu wake wote pia. Kwa kuwa inabaki laini, jiwe likiichuna inajifunika tena yenyewe. Kwa kuwa inatambaa, huingia katikati ya mabamba mawili yaliyolazwa pamoja, kwenye nyuzi za bolti na ndani ya kutu nyepesi ambako brashi haifiki. Lakini ulaini huohuo unafanya maji ya presha na matope ya tairi yaiondoe. Mwenye gari ajue mapema kwamba ananunua matunzo ya kila mwaka.

Kwa nini ndani kwanza

Chesisi nyingi za pikapu zina sehemu ndefu za boksi, yaani mabamba yaliyochomelewa pande zote nne, huku baadhi ya sehemu, hasa za nyuma, zikiwa wazi kwa umbo la C. Unene wa chuma mara nyingi ni milimita 2 hadi 4 tu. Kiwandani chesisi nyingi huzamishwa kwenye rangi inayoshikishwa kwa umeme, lakini ndani ya boksi rangi hiyo hukaa nyembamba kuliko nje, na penye mshono wa kuchomelea huwa ndogo zaidi. Gari likianza kazi, matairi hurusha matope yakaingia kupitia matundu ya pembeni. Tope linatua kwenye sakafu ya boksi, linaziba matundu ya kutolea maji, na chuma kinabaki kimefunikwa kama kwa kitambaa kibichi kwa wiki nyingi baada ya mvua kwisha.

Chumvi huongeza kasi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevunyevu unapofika asilimia 75 hivi. Kloridi ya kalsiamu na kloridi ya magnesiamu, zinazomwagwa barabarani kuyeyusha barafu au kutuliza vumbi la barabara za udongo, huvuta maji hata unyevunyevu ukiwa kama theluthi moja tu. Maana yake ni kwamba chuma chenye mabaki ya chumvi hizo kinaendelea kulowa hata siku ambayo wewe unaiona kavu. Mbolea, mkojo wa mifugo na maji ya samaki yanayodondoka kutoka bodi ya mizigo hufanya kazi ileile.

Jambo la pili ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikianza kati ya mabamba mawili, huyasukuma yakaachana, upenyo ukaongezeka, maji zaidi yakaingia. Ukiona kiungo cha chesisi kimevimba katikati ya bolti mbili au nukta mbili za kuchomelea, kutu ya humo si ya juujuu tena.

Anayedhani haya ni matatizo ya magari mabovu aangalie historia ya Toyota nchini Marekani. Mwaka 2008 kampuni hiyo iliongeza dhamana ya chesisi za Tacoma za 1995 hadi 2000 ikafika miaka 15, na zile zilizokuwa zimeoza kupita kiasi ikazinunua kutoka kwa wenyewe. Mwaka 2016 ikakubali suluhu nyingine ya mahakamani iliyohusu takribani magari milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Injini za magari hayo zilikuwa na maisha marefu mbele yake. Kilichokwisha ni chuma cha chini.

Gonga kabla ya kununua

Hakuna dawa ya kupuliza inayorudisha chuma kilichokwisha. Kabla ya kufungua kopo, pata nyundo ndogo na bisibisi bapa imara, ulale chini ya gari lililosimama juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi, na ardhi iwe ngumu na tambarare). Gonga chesisi urefu wake wote, upande wa chini na wa pembeni, kila baada ya sentimita 5 hivi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, nyundo inazama kidogo, na vipande vya kutu hudondoka kwa matabaka. Hapo chomeka bisibisi kwa nguvu. Ikipenya, au bamba likinyumbuka, kazi hiyo ni ya mchomeleaji anayejua chesisi, na dawa isubiri.

Kaa zaidi kwenye sehemu hizi: mahali chesisi inapopinda kwenda juu ya difu (gia ya ekseli ya nyuma), vishikizo vya springi za nyuma vya mbele na vya nyuma, nyuma ya magurudumu ya mbele, juu ya tangi la mafuta, mhimili unaobeba tairi la akiba, na vibamba vinavyoshikilia raba za kebini. Sehemu ya juu ya chesisi iliyo chini ya bodi ya mizigo haionekani, ipapase kwa vidole ukiwa na glavu nzito. Watu wengi huikagua chesisi kwa macho kutoka chini tu, na tope lililolala juu yake halijaguswa tangu gari litoke kiwandani.

Makopo au galoni?

Makopo ya kupuliza yanafaa kwa marekebisho ya katikati ya mwaka, kwa vibamba vidogo, na kwa mtu asiye na kompresa. Kwa kazi nzima ya mara ya kwanza ni njia ya shida: utahitaji makopo 8 hadi 10 ya gramu 333, kidole kitachoka, na mrija mfupi unaokuja na kopo haufiki katikati ya boksi. Ukilazimika kutumia makopo, nunua mpira mwembamba wa kuongezea, wa sentimita 60 au zaidi, wenye nozeli inayorusha pande zote. Bila huo mpira usijidanganye kwamba umefanya ndani.

Njia sahihi ni galoni moja ya lita 3.8. Inatosha pikapu ya kawaida, na pikapu ndefu ya kebini mbili inaweza kufika lita 5. Unahitaji bunduki ya kupulizia dawa za chini ya gari, ile yenye chupa ya lita moja inayofungwa kwa chini, mpira wa nozeli ya duara zima kwa ajili ya ndani, na kompresa inayoweza kushikilia bar 4 hadi 6 bila kuishiwa pumzi. Kompresa ndogo ya kujazia tairi haifai, kwa sababu presha ikishuka dawa inatoka kwa matone mazito badala ya ukungu, na ukungu ndio unaofika kwenye dari ya boksi.

Kuna aina ya rangi ya maziwa na aina nyeusi. Ulinzi ni uleule kwa matumizi haya. Tofauti ni mwonekano, na hapa tunapendekeza ile ya rangi ya maziwa kwa sababu ya ukaguzi: mwaka ukifika, unaona moja kwa moja chuma kipi kimebaki wazi na kama kutu mpya imejitokeza. Nyeusi inaficha.

Maandalizi yenye maana na yasiyo na maana

Osha chini ya gari kwa maji mengi, kisha ingiza hozi ndani ya boksi kupitia matundu makubwa na uache maji yatiririke mpaka yatoke safi kwenye matundu ya chini. Presha hapa haina umuhimu kuliko wingi wa maji. Matundu yaliyoziba yafungue kwa waya mgumu. Ukiona tope linatoka kwa vipande, rudia kesho yake, kwa sababu tope lililolowa leo litalainika usiku.

Kisha gari likauke. Siku moja kamili ya hewa kavu ni kiwango cha chini, siku mbili ni bora. Pulizia hewa ya kompresa ndani ya boksi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, hasa gereji ikiwa na magari kwenye foleni. Dawa ya lanolini husukuma unyevu mwepesi, ila kidimbwi cha maji kilicho kwenye kona ya boksi kitabaki chini ya mafuta.

Kutu ya kumenyeka iondolewe kwa kikwaruzio, patasi butu na brashi ya waya. Lengo si chuma king'ae. Unatoa matabaka yaliyoachana na chuma, kwa sababu mafuta yakilowesha tabaka la juu hayafiki chini lilipo chuma lenyewe. Kutu nyembamba ya hudhurungi iliyoshikamana iache ilivyo. Kutumia grenda na diski ya waya kunaokoa muda kwenye chesisi yenyewe, lakini usiisogeze karibu na tangi na mabomba ya mafuta, wala usiguse mabomba ya breki yaliyozeeka. Bomba la breki lenye kutu ya vinundu linaweza kuwa limebakiwa na chuma kidogo sana chini ya hiyo kutu, na brashi ya umeme inalimaliza. Hayo yaangaliwe na fundi, yabadilishwe ikibidi, ndipo yapuliziwe dawa.

Kupulizia

Dawa ikiwa baridi ni nzito. Weka galoni ndani ya ndoo ya maji ya moto kwa nusu saa kabla ya kuanza. Isiwekwe juu ya moto kamwe. Ikipata joto inatoka kwa ukungu mzuri na inatambaa haraka kwenye viungo. Chini tandaza maboksi yaliyokunjuliwa au turubai, vaa miwani ya kinga, barakoa ya mvuke na ovaroli ambalo huna mpango wa kulivaa tena mahali pengine.

Anza na reli moja, yaani mhimili mrefu wa chesisi wa upande mmoja wa gari. Ingiza mpira kupitia tundu la mbele au la nyuma ya gurudumu mpaka mwisho wa urefu wake, bonyeza kitufe, kisha uvute polepole na kwa mwendo mmoja kuelekea kwako. Haraka inaacha mistari mikavu kwenye dari ya boksi. Hamia tundu linalofuata na uhakikishe njia ya pili inalala juu ya ile ya kwanza kwa sentimita 10 hivi. Dalili kwamba umefika ni mbili: ukungu unatoka kwenye matundu ya mbele yako, na baada ya dakika chache mafuta yanadondoka kutoka matundu ya chini kwenye urefu wote wa reli. Palipo kimya hapajapata dawa. Rudi hapo.

Usitoboe chesisi ili kupata njia. Matundu ya kiwandani yanatosha, na tundu jipya kwenye reli linapunguza nguvu yake na kufungua chuma kibichi. Mihimili ya kukatiza mara nyingi nayo ni boksi na ina matundu yake kwenye ncha, husahaulika.

Baada ya ndani, ondoa mpira, weka nozeli ya kawaida, ufanye nje: juu ya reli chini ya bodi ya mizigo, viungo vyote, vishikizo vya springi, bolti za bampa na za kukokotea, vibamba vya kebini, mabomba ya breki, kingo za ndani za madigadi. Tabaka liwe la kuonekana, kiasi kwamba ukipitisha kidole unaacha alama. Likianza kutiririka kwa michirizi umezidisha, na ziada hiyo itaishia sakafuni.

Haya yafunikwe kwa mifuko ya plastiki na selotepu ya karatasi kabla ya kuanza: diski za breki na kalipa, ngoma za nyuma ikiwa zina nafasi ya kuingiza ukungu, bomba la moshi na katalisti yake, mikanda ya injini, soketi za sensa ya oksijeni. Mafuta kwenye diski ni hatari ya moja kwa moja. Yakigusa bomba la moshi yatafuka siku za kwanza na kunuka. Yapanguse kwa kitambaa kabla ya kuwasha injini. Fimbo inayong'aa ya shokomzoba nayo ifunikwe, kwa kuwa vumbi litakaloganda juu yake litakata sili.

Halafu raba. Mtengenezaji mwenyewe anatahadharisha kwamba raba isiyohimili mafuta inaweza kuvimba. Ukungu unaotua juu ya bushi kwa bahati si jambo la kukosesha usingizi, ila usizilenge bushi za springi na raba za kebini na kuzilowesha, maana nyingi ni za mpira asilia.

Likikamilika, liache gari lidondoke usiku mzima. Asubuhi pita na waya kwenye matundu ya chini kuhakikisha hayajazibwa na takataka zilizolainishwa na mafuta. Kosa hili dogo hugeuza boksi kuwa tangi. Safisha bunduki na mpira kwa mafuta ya taa siku hiyohiyo, la sivyo nozeli itakuwa imeziba utakapoihitaji.

Inakoshindwa

Mbele ya magurudumu ya nyuma na nyuma ya magurudumu ya mbele, mchanga unaorushwa na tairi unaikwangua. Sehemu hizo zinahitaji kuguswa tena baada ya miezi 6 hivi, na kwa gari linalopita kwenye maji na matope kila wiki, mapema zaidi. Sehemu za ndani, ambako hakuna kinachozisugua, hukaa vizuri mwaka mzima na zaidi.

Anayeosha chini ya gari kwa mashine ya presha kila wiki anafuta fedha zake mwenyewe. Osha kwa hozi ya kawaida, au shika mdomo wa mashine mbali.

Vumbi linaganda. Kwenye barabara za udongo mkavu, chini ya gari patakuwa na ngozi ya rangi ya udongo ndani ya wiki chache. Ngozi hiyo haidhuru chuma, maana chini yake mafuta yapo, lakini fundi atakayelala chini ya gari hilo kufungua gia boksi atalalamika, na ana haki. Harufu ni ya kondoo, nzito siku za kwanza, kisha inapungua ndani ya wiki chache. Kwa gari linalolala kwenye gereji iliyoungana na nyumba, fanya kazi hii wakati ambao gari linaweza kulala nje.

Ipo pia hali ambayo hatuipendekezi kwa nje: chesisi yenye lami ya zamani iliyokwisha pakwa. Mafuta hulainisha lami, ikaanza kuachia vipande vipande. Kama lami imeshika vizuri iache, upulizie ndani ya boksi tu. Kama imepasuka, ikwanguliwe yote kwanza, kwa sababu chini ya lami iliyopasuka mara nyingi kutu imeshatambaa mbali kuliko ufa wenyewe unavyoonyesha.

Ikilinganishwa na nyingine

Woolwax ni ndugu yake wa karibu, lanolini pia, ila nzito zaidi. Kwa nje, penye msukosuko wa matairi, inadumu kuliko Fluid Film. Kwa ndani uzito huo unakuwa mzigo: inahitaji joto na kompresa yenye nguvu ili ipite kwenye mpira mwembamba. Mwenye nafasi ya kununua zote mbili atumie Fluid Film ndani na Woolwax nje, na mpangilio huo tunauona bora kuliko kutumia moja kila mahali.

Krown, dawa ya Kanada inayopakwa zaidi na vituo vya kampuni yenyewe, ni nyepesi. Inatambaa ndani ya viungo kuliko lanolini yoyote, na kwa milango na mikunjo ya bati ni nzuri sana. Inadondoka kwa siku kadhaa, na kwenye sehemu za chesisi zinazopigwa na tairi inaondoka mapema.

Dawa za nta, kama Cosmoline, hukauka zikawa ngozi ya nta isiyonata. Kwa nje ya chesisi mpya au iliyosafishwa vizuri, na kwa mtu anayechukia vumbi kuganda, tunazipenda. Ila hazipenyi kutu iliyopo kama mafuta yanavyopenya, na kuziondoa kunahitaji tina na subira.

Lami ya kupuliza na ile ya mpira mweusi inauzwa sana, na ndiyo tunayoipinga zaidi kwa gari lililokwisha tumika. Siku ya kwanza inapendeza kuliko zote. Kisha inakuwa ngumu, jiwe linaipasua, ukingo unanyanyuka, maji yanaingia kwa nyuma na hayatoki. Chesisi inaoza chini ya ngozi nyeusi safi, na mwenye gari anaendelea kuridhika mpaka siku ngozi hiyo inapodondoka na kipande cha chuma.

POR-15 ni kitu kingine kabisa: rangi inayokomaa kwa kunyonya unyevu wa hewa, ikawa ngumu sana. Inafaa kwa chesisi iliyovuliwa bodi, au kwa mhimili mmoja uliofunguliwa na kusafishwa. Inashika vyema kwenye chuma chenye mikwaruzo au kutu nyembamba, na kwenye chuma laini king'aacho inamenyuka kwa mapande kama hakikuandaliwa kwa asidi ya fosforasi na kuoshwa. Inapakwa mara mbili kwa wembamba, ya pili ikiwa ya kwanza bado inanasa kidole kidogo bila kuhama. Jua linaichakaza, hivyo palipo wazi pafunikwe kwa rangi nyingine. Usichovye brashi ndani ya kopo lenyewe; mimina unayohitaji kwenye chombo kingine, usafishe mdomo wa kopo, la sivyo kifuniko hakitafunguka tena. Vaa glavu na barakoa ya kweli, kwani haitoki kwenye ngozi na mvuke wake si wa kuvutwa. Ndani ya boksi haina kazi, maana huwezi kupasafisha.

Dawa za kugeuza kutu, zenye asidi ya taniki au ya fosforasi, hufanya kazi kwenye tabaka jembamba tu. Kutu inageuka nyeusi au kijivu, mtu anafurahi, kumbe tabaka nene la chini halijaguswa. Zitumike kabla ya rangi, kwenye chuma kilichokwanguliwa, na si peke yake.

Oili chafu ya injini inapunguza kutu kidogo, hilo ni kweli, na ndiyo maana desturi hiyo haifi. Lakini imebeba asidi na masizi ya mwako, ni sumu kwa ngozi ya anayeipaka, ni nyepesi kiasi cha kuondoka na mvua chache, na inayodondoka inaingia kwenye udongo na maji. Kama uwezo hauruhusu dawa yoyote ya dukani, nunua oili mpya ya mnyororo wa msumeno, inanata na ni safi zaidi.

Vifaa vya umeme vinavyofungwa kwenye betri na kudaiwa kuzuia kutu gari zima, usivinunue. Njia ya umeme inalinda meli na mabomba ya ardhini kwa sababu chuma na anodi (kipande kinachotoa mkondo wa kinga) vyote viko ndani ya maji au udongo mmoja unaopitisha mkondo. Pikapu iko hewani, na matone ya maji yaliyotawanyika chini yake hayaungani kufunga mkondo huo.

Ukimlipa mtu akufanyie

Huduma hii hutolewa na gereji nyingi, na ubora wake hupishana mno kwa sababu kazi yenyewe imejificha. Uliza mambo haya kabla ya kuacha ufunguo: gari litakaa likikauka kwa muda gani baada ya kuoshwa, je wana mpira wa nozeli ya duara, na watatumia lita ngapi. Anayejibu kwamba anaosha na kupulizia ndani ya saa mbili anakuuzia mafuta juu ya maji. Anayetumia lita moja kwa pikapu nzima hajagusa ndani.

Gari likirudi, usitazame nje. Chukua kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, iingize kwenye tundu la reli, utazame dari ya boksi juu ya difu na nyuma ya vishikizo vya springi. Dari ikiwa kavu, gari lirudishwe siku hiyohiyo. Kamera hiyohiyo ndiyo ya kutumia kila mwaka kabla ya kuongeza dawa: ukiona ndani bado panang'aa kwa mafuta na rangi yake haijageuka hudhurungi, ongeza nje peke yake na uache ndani hadi mwaka unaofuata. Ukiona michirizi ya kutu mpya inayoshuka kutoka kwenye mshono, mshono huo haukufikiwa mara ya kwanza; upulizie peke yake kutoka pande zote mbili, dawa ikiwa ya moto.